Deni la Taifa nalo lisomwe kwenye mkutano wa kijiji



Naomba nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi vijijini tumelifanya kuwa la wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam peke yao. Jambo lenyewe ni deni la Taifa, pamoja na kodi zinazolilipa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mimi si mchumi. Chuo nilichosoma ni cha ualimu, na hesabu ninazofundisha ni za kujumlisha na kutoa, asilimia na riba. Hata hivyo naona hesabu hizo zinatosha kabisa kwa jambo hili, ikiwa tarakimu zitawekwa mbele ya watu.

Ukizungumza na wananchi hapa kwetu juu ya kodi, wengi watakuambia kwamba hawalipi. Mzee mmoja, jirani yangu, alinijibu hivi: "Mwalimu, mimi kodi niliachana nayo tangu enzi za Mkapa." Kwa upande mmoja mzee huyu alisema kweli. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Wanaume wa umri wake hawawezi kuisahau, maana walikuwa wakiamka alfajiri na kukimbilia mashambani waliposikia kwamba mgambo wako kijiji cha jirani. Baba zao na babu zao waliijua kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, na Waingereza nao wakaendelea kutoza. Pamba tunayojivunia leo Usukumani ilipata mizizi zaidi kwa sababu mtu alihitaji fedha taslimu ya kumpa mtoza kodi.

Lakini kodi ya siku hizi haibishi hodi. Haina mgambo wala stakabadhi ya kuweka mfukoni. Nimewapa wanafunzi wangu wa darasa la saba hesabu hii: sabuni na vitu vingine vya kiwandani vimenunuliwa kwa shilingi 2,360, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 imo ndani ya bei hiyo. Je, kodi ni kiasi gani? Jibu ni shilingi 360. Mtoto mmoja aliuliza mbona mwenye duka la kijijini hatozi kodi hiyo. Ni kweli, duka lile dogo halikusajiliwa kutoza, lakini kodi ililipwa zamani, kiwandani na kwa mwenye duka la jumla, ikafika kwetu ikiwa imejificha ndani ya bei. Mafuta ya pikipiki ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini, mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati, na mwaka 2025 shilingi 10 kwa ajili ya vita dhidi ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Mama anayepanda bodaboda kupeleka mtoto kliniki amekwisha kuchangia yote hayo kabla hajashuka.

Sasa wananchi wakumbuke ya tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Kelele zilisikika nchi nzima. Hapa kwetu watu walirudia desturi ya zamani ya kumpa kondakta wa basi bahasha. Haukupita muda, Septemba mwaka ule ule, Serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguza tena. Mimi sisemi kwamba tozo ilikuwa mbaya yote, kwa maana ilijenga vituo vya afya vya tarafa na madarasa. Ninachotaka tukione ni kwamba tozo ilionekana. Kila mtu alipata ujumbe kwenye simu yake ukimwambia umekatwa kiasi hiki. Kwa kuwa ilionekana, ilijadiliwa, na kwa kuwa ilijadiliwa, ilirekebishwa. Deni la Taifa halimletei mtu ujumbe, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Wakulima wa pamba hawahitaji kufundishwa maana ya deni. Mbegu na dawa ya kuua wadudu hutolewa mwanzoni mwa msimu kwa mkopo, na fedha yake hukatwa wakati wa mauzo, pale kwenye mzani wa chama cha msingi. Mkulima haoni noti ikitoka mkononi mwake, anaona tu kwamba bei aliyopata ni ndogo kuliko aliyotarajia. Katika msimu mmoja tulipewa dawa ambayo funza walikuwa kama wanaoga nayo. Makato, hata hivyo, yalikatwa kama kawaida, kwa sababu anayekudai dawa hadai kwanza kujua kama funza walikufa. Mikopo ya Taifa nayo iko hivyo. Mradi ukifaa, deni hulipwa. Mradi usipofaa, deni hulipwa vile vile. Tofauti ni kwamba kwenye chama cha msingi mkulima anaweza kusimama mkutanoni akauliza dawa ile ilinunuliwa na nani na kwa bei gani.

Tarakimu zenyewe ni hizi. Katika hotuba ya bajeti aliyoisoma Bungeni tarehe 12 Juni 2025, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alieleza kwamba hadi Machi 2025 deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 107.70. Kati ya hizo, trilioni 72.94 ni deni la nje na trilioni 34.76 ni la ndani. Bajeti nzima ya mwaka 2025/26 ni trilioni 56.49, na humo zimetengwa trilioni 14.22 za kulipa deni, yaani robo ya bajeti. Mishahara ya watumishi wote, walimu, wauguzi, askari na wengineo, ni trilioni 9.17. Nimerudia kusoma mahali hapo mara mbili, maana sisi walimu tumezoea kuambiwa kwamba mishahara ndiyo mzigo mkubwa wa Serikali.

Nikachukua idadi ya watu wa sensa ya 2022, ambao ni 61,741,120, nikagawa. Kila Mtanzania, pamoja na mtoto mchanga, anaangukiwa na shilingi 1,740,000 na ushee. Kwa bei elekezi ya pamba ya msimu wa 2024, ambayo ilikuwa shilingi 1,150 kwa kilo, hizo ni zaidi ya kilo 1,500 kwa kila mtu. Ekari moja ikitoa kilo 300, ni ekari tano za pamba bila kubakiza hata ya sabuni. Nilipoandika hesabu hii ubaoni darasa lilinyamaza. Lakini haifai kutishana bure. Kugawa deni kwa vichwa vya watu ni njia ya kulielewa tu, siyo njia ya kulilipa. Linalolipa deni ni uchumi mzima, migodi, bandari, watalii, viwanda na mashamba, na uchumi ukikua mzigo huwa mwepesi hata kama tarakimu ni ile ile.

Ndiyo maana wataalamu hawapimi deni kwa vichwa, wanalipima kwa pato la Taifa. Serikali ilieleza katika hotuba ile ile kwamba thamani ya sasa ya deni ni asilimia 40.3 ya pato la Taifa, na ukomo ni asilimia 55. Kwa kipimo hicho deni letu bado linahimilika, na sina sababu ya kubishana nacho. Isitoshe hatuko peke yetu. Serikali ya Marekani, pamoja na utajiri wake wote, inadaiwa zaidi ya dola trilioni 36, na huko nako wanagombana kila mwaka kama wapunguze kodi au waongeze. Ila Marekani inadaiwa kwa fedha inayochapa yenyewe. Sisi theluthi mbili ya deni letu ni la nje, na kwa sehemu kubwa tunadaiwa kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na mwaka 2024 ikapita 2,600. Aliyekopa dola 1,000 alipokuwa akihesabu milioni mbili na laki tatu, alijikuta akihesabu milioni mbili na laki sita, na hakuongeza hata senti moja ya kukopa. Baadaye shilingi ilipata nguvu kidogo, lakini mkulima wa pamba anaelewa upesi maana ya kulipa deni kwa bei inayopangwa ng'ambo.

Deni hili lina historia, na mimi mwenyewe nimo katika historia hiyo. Miaka ya mwisho ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera kwisha, nchi yetu iliishiwa fedha za kigeni. Mwalimu Nyerere alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na ni mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, ndipo mapatano yalipofikiwa. Miaka iliyofuata wazazi walichangia karibu kila kitu shuleni, na wengi walishindwa. Mwezi Novemba 2001 Tanzania ikapata msamaha mkubwa wa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikiwa imeondolewa, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaandikishwa kwa maelfu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nachunga ng'ombe wa baba, na mwaka ule ndio nilioanza darasa la kwanza. Tulikaa chini ya mti, tukiwa zaidi ya mia moja kwa mwalimu mmoja, lakini tulisoma. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba deni la Taifa halimhusu mwananchi wa kijijini, mimi namwona kama anayekataa cheti changu cha kuzaliwa.

Msamaha kama ule usitegemewe tena kirahisi. Wadai wa wakati ule walikuwa hasa serikali za nchi tajiri na mashirika kama Benki ya Dunia. Leo wadai wetu wako wa namna nyingi. Mwaka 2020, kwa mfano, Serikali ilikopa dola bilioni 1.46 kupitia Benki ya Standard Chartered kwa ajili ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora. Benki ya biashara haina mazoea ya kusamehe. Hata deni la ndani lina wenyewe, ambao ni mabenki na mifuko ya pensheni inayonunua hatifungani za Serikali. Mchango wangu wa kila mwezi unakwenda PSSSF, kwa hiyo na mimi, kwa mlango wa nyuma, ni mmoja wa wanaoidai Serikali. (Niliposema hivyo katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alinitaka niikumbushe Serikali kwa barua.)

Sijasema kwamba tusikope. Nenda Malampaka, wilaya ya Maswa, ukaone reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka inakopita, kipande cha kilomita 341 ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma zinabeba abiria tangu mwaka 2024, na siku pamba ya Simiyu itakaposhuka bandarini kwa reli hiyo badala ya malori, nani atalalamika? Reli inatoza nauli. Ikiendeshwa vizuri itasaidia kujilipia.

Darasa halitozi nauli, na hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mwezi Septemba 2021 Serikali ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa dola milioni 567, kama shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19. Kwa fedha hizo yalijengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Sekondari ya kata yetu ilipata mawili. Ni madarasa mazuri, yana sakafu, madirisha na madawati, na Januari 2022 watoto wote waliofaulu waliingia kidato cha kwanza kwa pamoja bila kusubiri awamu ya pili. Nilisimama pale nikiwatazama wanafunzi niliowafundisha, nikafurahi. Lakini ni wangapi kati ya wazazi waliokuwa pale waliojua kwamba theluthi mbili ya mkopo ule ni ya aina inayorudishwa katika muda usiozidi miaka mitano, na theluthi moja tu ndiyo isiyo na riba na yenye muda wa miaka kumi? Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza katika darasa lile amemaliza kidato cha nne Novemba 2025. Hajaanza kazi, hajalipa kodi ya mshahara hata ya mwezi mmoja, na mkopo uliojenga darasa lake umekwisha kuanza kurudishwa. Nani anaurudisha? Ni mzee yule jirani yangu anayesema aliacha kulipa kodi tangu enzi za Mkapa. Anaurudisha kwa sabuni na mafuta ya taa.

Mimi bado nasema mkopo ule ulifaa. Ila nataka mzee naye ajue, ili aseme kwa hiari yake kwamba ulifaa, au aseme hapana.

Mwishoni mwa mwaka 2021 maneno juu ya deni yalipamba moto, na Januari 2022 aliyekuwa Spika wa Bunge, marehemu Job Ndugai, akajiuzulu. Nakumbuka kijijini kwetu watu walibishana wiki nzima juu ya nani kamsema nani. Sikumsikia hata mmoja akiuliza tumekopa kwa riba gani au tutalipa kwa miaka mingapi. Siwalaumu. Wangesoma wapi? Taarifa za kila mwezi za Benki Kuu zinaandikwa kwa Kiingereza. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka na ina sura ya deni, lakini ni kitabu kinene kinachoishia mezani kwa wenye ofisi. Hotuba ya bajeti husomwa redioni mchana, wakati mkulima yuko shambani, na jioni kinachorudiwa ni bei ya bia na sigara.

Upo upande wetu pia. Mwaka 2024/25 Mamlaka ya Mapato ilikusanya shilingi trilioni 32.26, ikapita lengo, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kodi zote tunazokusanya ni kama asilimia 13 tu ya pato la Taifa, na pengo linalobaki ndilo linalojazwa kwa mkopo. Hapa Bariadi mjini kuna maduka ambayo ukiuliza bei utaulizwa nawe: na risiti au bila risiti? Wengi tunachagua bila. Mimi ninakatwa kodi ya mshahara kabla sijauona mshahara wenyewe, na mkulima anakatwa ndani ya sabuni. Mwenye duka kubwa anayeuza bila risiti anabaki na kodi ambayo mnunuzi amekwisha kumlipa. Fedha hiyo ingepunguza haja ya kukopa, na kwa hiyo kila asiyetoa risiti anatuachia sisi sote riba ya kulipa.

Ombi langu ni dogo. Kwa utaratibu uliopo, kila miezi mitatu mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi ya kijiji, na taarifa hubandikwa kwenye ubao. Wananchi wa kwetu huhoji mpaka shilingi elfu kumi ya chaki. Basi Wizara ya Fedha itoe kwa kila halmashauri karatasi moja kwa mwaka, kwa Kiswahili, inayoonyesha miradi iliyojengwa katika eneo hilo kwa fedha za mkopo: mkopeshaji ni nani, kiasi gani, riba gani, unalipwa kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Iwapo fedha ni msaada na siyo mkopo, iandikwe hivyo, maana mradi wetu wa maji ya Ziwa Victoria umesaidiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, na watu hapa wanabishana kama maji hayo tutayalipia au la. Mtendaji wa kijiji aisome karatasi hiyo mkutanoni baada ya mapato na matumizi. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali, nami sidai kwamba kijiji kimzuie. Nadai tusomewe.

Kama wapo watakaosema kwamba wanakijiji hawataelewa, waje Bariadi msimu wa pamba, wasimame kando ya mzani siku ya makato. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji chetu una nafasi ya kutosha, na kwa upande wa kuwasaidia watu kukokotoa asilimia, mimi na walimu wenzangu tuko tayari kufika Jumamosi yoyote tutakayoitwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bariadi, Simiyu.